Mshahara wa Mwalimu na Mfuko wa Mawe

Kiswahili kina maneno matatu yatumikayo sana kwa malipo ya kazi, nayo ni mshahara, ujira na posho, na kila moja lina nasaba yake. Msomaji akinivumilia kidogo nitamwonyesha kwamba nasaba hizo zatufaa kuliko majedwali mengi ya wahasibu, maana kabla hatujauliza nani alipwa zaidi, mwalimu wa serikali au mwalimu wa shule ya mtu binafsi, ni sharti tujue kila mmoja wao alipwa kwa ajili ya kitu gani. Mshahara tumeupata kwa Waarabu, na ndani yake mna neno lao la mwezi, shahr, hivyo mwenye mshahara ni mtu aliyefungamana na mwezi wenyewe: ukiandama, haki yake imewadia, siku zake ziwe zilikuwa nyepesi au nzito. Ujira, ulio wa shina moja na ajira, ni malipo ya kazi iliyokwisha kutendwa, na kazi isipotendwa hapana ujira. Posho ni chakula. Wapagazi wa Kinyamwezi waliovuka nchi hii katika karne ya 19, pembe za ndovu mabegani, wakielekea Bagamoyo, walipewa posho ya njiani ili wasianguke kabla ya kufika, na sidhani kama alikuwako mpagazi mjinga hata akadhani kwamba kibaba kile ndicho ujira wake.

Walimu nitakaowalinganisha nawaweka Segese, nayo ni kata ya Halmashauri ya Msalala, wilayani Kahama, katika mkoa wa Shinyanga, kwenye njia itokayo Kahama mjini kwenda Kakola, uliko mgodi wa Bulyanhulu. Ni nchi ya mpunga na ng'ombe, na watu wake, Wasukuma, Wanyamwezi na Wasumbwa, waliishi kwa jembe na zizi kabla dhahabu haijawa mazungumzo ya kila siku. Kisha wakaja wachimbaji wadogo na maduara yao, yaani mashimo yao ya kuchimbia, na baada yao makampuni, Geita ikaanza kutoa dhahabu mwaka 2000, Bulyanhulu mwaka 2001, Buzwagi mwaka 2009, hata leo mtu apitaye katika ukanda huu husikia ngurumo za makarasha yasagayo mawe kama vile wazee wake walivyosikia michi kinuni. Duarani kuna malipo ya namna ya nne, ambayo hayamo katika maneno yangu matatu. Mchimbaji hapewi mshahara wala ujira, hupewa mgao: mawe yakipanda juu hutiwa katika mifuko, na mifuko ikagawanywa, sehemu ya mwenye leseni, sehemu ya mwenye duara aliyegharimia matimba na chakula, na iliyobaki ni ya vijana walioingia ndani, mawe yakiwa na mali, kijana hununua pikipiki kabla ya Ijumaa, na yakiwa matupu, amekula posho tu.

Nimeutanguliza mgao kwa sababu ndio upangao bei za vitu. Mwenye chumba cha kupangisha hamuulizi mpangaji wake anafundisha au anachimba, wala mwenye kuku hana bei mbili. Na mwezi wa Oktoba 2025, wakia moja ya dhahabu ilipovuka dola 4,000 katika masoko ya dunia, hapana mwalimu aliyeongezewa hata senti kwa ajili hiyo, ilhali kila mwalimu wa ukanda huu yuko katika soko moja na wale walioongezewa. Mwalimu wa Segese, basi, hupokea kwa kipimo cha Dodoma au cha tajiri wa shule, na hutumia kwa kipimo cha duara.

Na tufanye mfano. Tuwachukue walimu wawili ambao nawaumba mimi, ili pasiwe na mtu wa kulalamika kwamba nimemtaja: wote wawili wamesoma chuo kimoja cha ualimu, wakapata cheti kimoja, daraja la tatu A kama ilivyozoeleka kuitwa, kisha mmoja akapangiwa shule ya msingi ya serikali na mwenziwe akapokewa katika shule ya kulipia ifundishayo kwa Kiingereza, ile ambayo watoto wake huchukuliwa asubuhi kwa gari la rangi ya njano. Twende nao hadi mwaka 2021, kabla ya nyongeza za karibuni. Mwalimu wa serikali aliyekuwa ndiyo kwanza ameingia kazini kwa cheti alianzia ngazi ya TGTS B, kwa shilingi 419,000 kwa mwezi; mwenye stashahada alianzia 530,000, na mwenye shahada 716,000. Mwenziwe wa shule binafsi hakuwa na ngazi kama hiyo. Sheria ilimwekea sakafu tu, na sakafu hiyo, kwa Amri ya Kima cha Chini cha Mshahara ya mwaka 2013, ilikuwa shilingi 140,000, bila kutofautisha cheti, stashahada wala shahada, na bila kumtenga mwalimu na mpishi wa shule hiyo hiyo.

Hapa pana jambo ambalo kila nikilirudia hunistaajabisha. Imo sheria ya kumlinda mtumishi wa umma asinyonywe na wadai wake, nayo yasema kwamba makato yote yakijumlishwa, sharti ibaki mkononi mwake theluthi moja ya mshahara. Walimu waijua sana, kwa kuwa wengi wao wameshakopa hadi ukingoni mwa theluthi hiyo, na ofisa wa benki huianza hesabu yake hapo. Basi itwae theluthi ya shilingi 419,000: haifiki 140,000, imepungua kwa shilingi mia tatu na kitu. Kwa maneno mengine, kile ambacho serikali ilikihesabu kuwa ndicho kidogo cha mwisho kabisa, chini yake ni aibu kumwacha mwalimu wake aliyezama katika madeni, ndicho serikali hiyo hiyo ilichokihesabu kuwa mshahara mzima wa mwalimu wa jirani. Mmoja alifika hapo kwa kukopa nyumba na shamba. Wa pili alifika hapo kwa kuajiriwa.

Sakafu hiyo imepandishwa tangu wakati ule, na insafu yanitaka niseme hivyo. Amri ya mwaka 2022, iliyoanza kazi tarehe 1 Januari 2023, iliwafikisha watumishi wa shule binafsi kwenye shilingi 207,000. Mwezi wa Oktoba 2025 ikatangazwa amri nyingine iliyopandisha vima vya sekta binafsi kwa wastani wa asilimia 33.4 kuanzia Januari 2026. Lakini serikali nayo haikusimama: mwezi wa Mei 2022 ilipandisha kima cha chini cha watumishi wake kwa asilimia 23.3, kisha katika Sikukuu ya Wafanyakazi ya mwaka 2025, pale Singida, Rais Samia Suluhu Hassan akatangaza kukipandisha tena kwa asilimia 35.1, kutoka 370,000 hadi 500,000, kuanzia Julai. Wawili hao wanapanda ngazi moja, mmoja nyuma ya mwenziwe, na aliye nyuma haonekani kumkaribia aliye mbele.

Walakini mtu wa Segese akiisoma Amri ile ya 2022 hatashangazwa na mstari wa shule peke yake, atashangazwa na mistari iliyo jirani nao. Mwenye leseni ya uchimbaji mkubwa alikatazwa kumlipa mtu yeyote chini ya shilingi 500,000. Mwenye leseni ndogo, yaani yule ambaye maduara yake yako nyuma ya shamba la mpunga, alikatazwa kushuka chini ya 300,000. Mwenye shule aliruhusiwa kushuka hadi 207,000. Sina ugomvi na mfagizi wa mgodini, ambaye vumbi lake ni baya kuliko la chaki, na najua pia kwamba mwenye duara, kwa kuwa agawa mifuko, hakuisoma Amri hiyo wala hakuombwa aisome. Nasema tu kwamba serikali ilipoketi kuthamini kazi za watu wa ukanda huu, iliweka kwa maandishi kwamba aliyesomea ualimu miaka miwili apaswa kupata, kwa uchache, theluthi mbili hivi ya haki ya kijana asiye na cheti aliyeshika sururu.

Sasa turudi kwa mshahara na ujira. Tofauti ya fedha niliyoieleza ni kubwa, lakini ndiyo iliyo nyepesi kuonekana, tena si ya kila mahali, maana zimo katika nchi yetu shule binafsi chache, za mijini, zimlipazo mwalimu mzuri wa hesabu zaidi ya alipwavyo na serikali, tena zikampa nyumba na chakula cha mchana, na mwalimu huyo haoni sababu ya kumhusudu mtu. Tofauti iliyo kubwa zaidi iko katika mwezi. Tarehe 17 Machi 2020 serikali ilifunga shule zote kwa ajili ya korona, na nyingi hazikufunguliwa hadi tarehe 29 Juni. Muda wote huo mwalimu wa serikali alikuwa nyumbani kwake akipalilia mahindi, na kila mwezi ukiisha fedha zake zikiingia benki kama kawaida, wakati mwenziwe wa shule binafsi, kwa kuwa wazazi hawakulipa karo na tajiri hakuwa na akiba, alipunguziwa au alikosa kabisa. Katika miezi ile mitatu ilidhihirika wazi kwamba mmoja alikuwa na mshahara, na mwingine, ingawa karatasi yake ilisema mshahara, alikuwa na ujira.

Mkataba wa mwaka mmoja au miwili, ambao ndio desturi ya shule nyingi binafsi, una maana hiyo hiyo. Benki humpenda mwalimu wa serikali, si kwa sababu ana tabia njema, bali kwa sababu mwajiri wake hafilisiki wala hahami usiku. Humkopesha mamilioni dhidi ya mshahara ambao bado hajaufanyia kazi, naye akainua ukuta, akaezeka bati, akawa mwenyeji. Mwalimu wa mkataba akifika dirishani huulizwa mkataba wako waisha lini, na jibu lake likimtoa benki, humpeleka kwa wakopeshaji wa mitaani ambao mikopo yao watu wameibatiza jina la kausha damu. Kwa hiyo hata wakipokea sawasawa, kwa mfano wa kubuni, yule wa kwanza aweza kutumia leo fedha za miaka saba ijayo, na wa pili aweza kutumia za mwezi uliopita tu.

Nisieleweke kwamba naipigia debe serikali. Mwalimu wake amedhulumika pia, na amesema. Mwishoni mwa Julai 2012 Chama cha Walimu Tanzania kiliitisha mgomo kikitaka mishahara iongezwe kwa asilimia 100, na posho ya kufundishia ya asilimia 55 kwa walimu wa sayansi na 50 kwa wengine, na asilimia 30 kwa wafundishao katika mazingira magumu. Mahakama ikausimamisha baada ya siku chache tu, na wanafunzi waliokuwa wameandamana barabarani wakarudi darasani pamoja na walimu wao. Baada ya hapo ikaja miaka ya ukame, tangu 2016 hadi 2022, ambapo hapakuwa na nyongeza ya jumla, na kupanda madaraja kukazuiliwa wakati watumishi hewa na vyeti vya bandia vikitafutwa. Tena makato. Mwenye shahada aliyesoma kwa mkopo hukatwa asilimia 15 na Bodi ya Mikopo, 5 za mfuko wa pensheni wa PSSSF, 3 za bima ya afya na 2 za chama, jumla robo nzima kabla mtoza kodi hajafungua mkoba wake. Katika zile 716,000 ni shilingi 179,000. Na mwalimu aliyekaribia kustaafu mwaka 2018 aliambiwa kwamba kikokotoo kimebadilishwa na kiinua mgongo chake kitakuwa asilimia 25, kelele zikapigwa, Rais Magufuli akakisitisha, kisha mwaka 2022 ikawekwa asilimia 33, na miaka miwili baadaye wengi wakarudishiwa hadi 40. Hata hivyo angalia alalamikacho: alalamika juu ya ukubwa wa kesho yake. Mwenziwe wa mikataba mifupi mara nyingi hafiki hata kwenye kikokotoo cha kulalamikia.

Ugomvi huu si mpya, wala haukuanza na shule za magari ya njano. Zama za Waingereza shule nyingi za Tanganyika zilikuwa za misheni, na mwalimu wa misheni, ingawa ruzuku ya serikali ilisaidia kumlipa, hakuwa na haki za mwalimu wa serikali. Huko Tabora, siku si nyingi za safari kwa mguu kutoka hapa Kahama, kijana aliyetoka Makerere mwaka 1945 alialikwa na shule mbili, ile ya serikali aliyosomea na ile ya Mtakatifu Maria ya Mapadri Weupe. Husimuliwa katika habari za maisha yake kwamba aliandikiwa barua ya kumwonya kuwa miaka atakayofundisha misheni haitahesabiwa katika pensheni, naye, kwa kuchukizwa na ubaguzi huo kati ya mwalimu na mwalimu, akaenda misheni kwa makusudi. Jina lake ni Julius Nyerere. Mwaka 1962, nchi ikiwa na uhuru wa miezi michache, ikatungwa sheria ya kuwaunganisha walimu wote, wa serikali na wa misheni, katika utumishi mmoja wenye masharti mamoja, na kwa Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 shule za misheni zenyewe zikatwaliwa. Kenya nako chama cha walimu, KNUT, kilichozaliwa mwaka 1957, kilipigania jambo hilo hilo hadi Tume ya Kuajiri Walimu ilipoundwa mwaka 1967. Vizazi viwili vya walimu wa Afrika ya Mashariki viliamini kwamba shauri hilo limekwisha. Limefunguliwa tena tangu shule binafsi ziliporuhusiwa kustawi, na safari hii hapana sheria ya 1962.

Kwa nini basi mwenye shule hulipa kidogo, na bado hapungukiwi na walimu? Watu wengi watakwambia ni uchoyo, nami sikatai kwamba uchoyo upo, lakini uchoyo ulikuwapo pia miaka ya 2000, na wakati ule mambo yalikuwa mengine. Serikali ilipofuta karo ya shule za msingi mwaka 2001, kisha ikaanza kujenga sekondari za kata mwaka 2004, ilikuwa ikimchukua kila mhitimu wa ualimu, na zaidi ya hao. Ilifika kuwapa mafunzo ya wiki chache vijana waliomaliza kidato cha sita na kuwapeleka darasani, nao wananchi, kwa ulimi wao usiolala, wakawaita voda fasta. Siku zile mwenye shule alimbembeleza mwalimu, na asipompata alimtafuta Kenya au Uganda. Tangu 2015 mlango ule ulifungwa ukabaki kufunguliwa kidogo kidogo, ilhali vyuo havikuacha kutoa wahitimu. Ualimu ulipoanza kufanyiwa usaili, waombaji zaidi ya 200,000 waliitwa kwa nafasi zisizofika 15,000. Mhitimu aliyekaa nyumbani miaka sita akivuna mpunga wa baba yake hawezi kukaa meza moja na mwenye shule akajadiliana naye bei. Ndiyo maana nasema kwamba mshahara wa shule binafsi haupangwi na mwenye shule peke yake. Hupangwa na foleni iliyo mlangoni kwa serikali, na mwenye shule huisoma foleni hiyo kama mnunuzi wa dhahabu aisomavyo mizani.

Wako wasemao kwamba ujira una fadhila zake, kwamba mwalimu alipwaye kwa kazi hufanya kazi, na kwamba ndiyo sababu mzazi wa Segese aliyeuza mifuko yake vizuri humtoa mtoto shule ya serikali isiyo na karo akampeleka ya kulipia. Wenye shule huwapa walimu bonasi kwa kila alama A, na mwalimu huingia darasani hata Jumamosi. Habari njema ni kwamba jambo hili lilijaribiwa katika shule za serikali, tena karibu na hapa: mwaka 2013 na 2014 shirika la Twaweza, kwa mpango ulioitwa KiuFunza, lilichukua shule za msingi 350 katika wilaya 10, Kahama na Geita zikiwamo, likazipa baadhi fedha za ruzuku, baadhi ahadi kwamba mwalimu wa madarasa ya chini atapata shilingi 5,000 kwa kila mtoto atakayefaulu somo, na baadhi vyote viwili, nyingine zikaachwa vivyo hivyo kwa kulinganisha. Ruzuku peke yake haikuinua maarifa ya watoto. Ahadi ya bonasi peke yake ilizaa matunda haba. Zilipounganishwa, watoto walijifunza zaidi kwa dhahiri, na zaidi ya jumla ya viwili hivyo vikihesabiwa mbalimbali. Mimi naielewa hivi: mwalimu mwenye mshahara wa uhakika, akiwekewa juu yake ujira wa kazi na akapewa vitabu vya kufundishia, hufanya yale tuliyodhani hufanywa kwa hofu ya kufukuzwa tu. Shule binafsi hutoa ujira bila mshahara, na serikali hutoa mshahara bila ujira. Kila mmoja ameshika upande mmoja wa kitu ambacho jaribio lile liliona chafaa kikiwa kizima.

Limebaki neno la posho, nalo ni fupi. Mkuu wa shule ya msingi ya serikali hupata posho ya madaraka, shilingi 200,000 kwa mwezi, na wa sekondari 250,000. Mwalimu wa kawaida hana kitu, ile posho ya kufundishia aliyoidai mwaka 2012 haikuja. Shule binafsi humpa uji na makande. Mpagazi angeielewa.

Msomaji aliye mzazi, na ambaye Januari ijayo atabeba karo kwenda kuilipa, nina ombi moja kwake, wala halihitaji sheria mpya. Sheria iliyopo yataka kila mwezi asilimia 20 ya mshahara wa mwalimu wa mwanao ipelekwe kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, na isiyozidi nusu yake ndiyo ikatwe kwa mwalimu mwenyewe. Yuko tajiri apelekaye, na yuko tajiri akataye kwa mwalimu asipeleke. Mwalimu haulizi, kwa kuwa mkataba wake waisha Desemba. Wewe uliyeshika fedha mkononi, kabla hujapewa risiti, muulize mhasibu mwezi wa mwisho uliopelekwa ni upi.